Bwana afya anakuja: nianze na vigae au nianze na nini?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Wete, nalifupisha hapa ili na wengine wafaidike. Ana mgahawa mdogo karibu na soko, asubuhi anauza supu na chapati, mchana wali na samaki, jioni urojo na juisi, na ana wasaidizi watatu. Supu anaipika usiku ili asubuhi aamke iko tayari, chatini ya nazi anatengenezewa na mamamkwe nyumbani inaletwa kwa ndoo. Mgahawa wa jirani yake umefungiwa baada ya ukaguzi na yeye kaambiwa zamu yake iko njiani. Mkononi ana laki nane. Fundi kamwambia atie vigae ukuta mzima wa jiko na apake rangi mpya, mume wake anasema wanunue friza kubwa, na mwenyewe hajui bwana afya akiingia anaangalia nini khasa. Anauliza aanze wapi.

Waalaykum salaam dadangu. Vigae visubiri, na friza kubwa nayo isubiri. Mimi nimekagua migahawa miaka mingi na sasa nawasaidia wenye migahawa kujitayarisha, na majiko yanayonitia khofu si yale yenye ukuta uliobabuka, ni yale ukiuliza "wali huu umepikwa saa ngapi" wanatizamana. Maana chakula kinachowalaza watu hospitali ni kile kilichokaa. Kimepikwa saa ngapi, kimekaa wapi, kimeliwa saa ngapi, na hapo katikati nani kakishika na mkono wa aina gani. Mkaguzi anayeijua kazi yake anazunguka hapo hapo tu hata akiwa anaangalia dari. Ukiweza kujibu hayo maswali manne kwa kila sufuria lililomo jikoni kwako basi umeshafanya sehemu kubwa ya kazi, na haikukugharimu hata tofali moja.

Hesabu yenyewe ni hii. Baina ya nyuzi 5 na nyuzi 60 bakteria wanastawi, na likiwepo joto wanalolipenda wanaongezeka mara mbili kila dakika 20 hivi. Mmoja tu, baada ya masaa manne washazidi 4,000. Na hali ya hewa yetu ya Pemba siku nyingi iko karibu mno na joto hilo wanalolipenda, kwa hivyo "nimekiacha mezani kidogo" ya hapa si sawa na ya nchi za baridi. Chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, cha baridi kiwe chini ya nyuzi 5, na kile cha katikati kihesabiwe kwa saa: kikifika masaa mawili ushaanza kucheza na watu, kikifika manne kitupe. Utasikia uchungu kukitupa, najua, ndo maana dawa ni kupika kidogo kidogo mara nyingi.

Sasa tuingie kwenye vyakula vyako maana kila kimoja kina mambo yake.

Supu kwanza. Sufuria la lita 20 likiepuliwa saa tatu usiku likafunikwa likaachwa pale pale juu ya meko, alfajiri ukitia kipima joto katikati bado ni vuguvugu. Nje limepoa, ukuta wa sufuria unaushika bila shida, lakini ule moyo wa supu umelala usiku kucha ndani ya zile nyuzi za hatari, na nyama na mifupa imo humo. Watu wananambia "lakini ilichemka masaa matatu, kitu gani kitabaki hai?" Kinabaki. Kuna bakteria wanaojifungia ndani ya ganda gumu ambalo maji yanayochemka hayaliui, supu ikianza kupoa pole pole wanatoka na kuanza kuzaliana bila ya mshindani maana wenzao wote ushawaua kwa moto. Kwa hivyo una njia mbili. Ama uamke upike alfajiri, ama ukiepua usiku uigawe kwenye masinia au madishi mapana, kina cha vidole vitatu basi, uyakalishe ndani ya beseni la maji yenye barafu, ukoroge koroge mpaka mvuke uishe, kisha kwenye friji. Kipimo ni ishuke kutoka 60 mpaka 21 ndani ya masaa mawili, halafu ifike 5 ndani ya masaa manne mengine. Asubuhi unaichemsha mpaka itokote kweli kweli, sio mpaka iwe ya moto ya kunyweka. Na ikishapashwa mara moja haipashwi tena ya pili.

Wali una mtego mwengine na huu watu wengi hawaujui. Mchele unakuja na bakteria wake tokea shamba, nao wana ganda hilo hilo. Wali ukishapikwa ukaachwa kwenye sufuria mpaka ukapoa, wanaamka na wanatengeneza sumu, na hiyo sumu moto hauitoi. Uukaange, uupashe, uutie tui jipya, sumu iko pale pale, na mtu anaanza kutapika ndani ya masaa machache. Kiporo cha nyumbani kwako unakijua mwenyewe, lakini mgahawani wali wa mchana usiuzwe jioni. Pika sufuria mbili ndogo badala ya moja kubwa, la pili liingie motoni pale la kwanza likifika nusu.

Chatini ya nazi. Hapa nakuomba unisikilize vizuri kwa sababu mama yetu anayekutengenezea anafanya kwa mapenzi na sitaki aone nimemdharau. Chatini ya nazi ni chakula kibichi. Nazi imekunwa, imeshikwa mikono, imetiwa maji, haikupita motoni, halafu imesafiri kwa ndoo kutoka nyumbani ambako mkaguzi hapajui wala wewe hujui maji gani yametumika siku hiyo, halafu inakaa mezani kuanzia alasiri mpaka saa tatu usiku na kila mteja wa urojo anatiliwa kijiko. Urojo wenyewe, ule uji wa embe au ukwaju, una ukali unaosaidia na unakaa motoni muda wote. Chatini haina kinga hiyo. Ningekuwa wewe ningemuomba mama aje aitengenezee pale pale mgahawani jikoni kwako, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ndimu isikosekane, mikono ioshwe na blenda ifunguliwe ioshwe mpaka kile kisu cha chini (fungua hicho kisu leo leo uangalie kilichoganda chini yake). Afanye kidogo, bakuli la kutosha saa moja na nusu mbili liwe mezani, lililobaki liwe kwenye friji. Bakuli likiisha linaondoka linakwenda kuoshwa, linakuja jengine. Kuongeza mpya juu ya ya zamani ni kuwapelekea chakula wale bakteria wa mwanzo. Na hivyo hivyo kwa mbatata zilizochemshwa na mayai, yasimenywe yote asubuhi yakakaa mpaka jioni yamejaa sinia.

Samaki. Hapa tuna bahati ya kula samaki wa leo lakini bahati hiyo inaharibika njiani. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto wanatengeneza kitu kinaitwa histamini, na kikishaingia ndani ya nyama hakitoki kwa kukaanga, hakitoki kwa kuchemsha, hakitoki kwa kugandisha. Mteja anakula, baada ya muda mdogo uso unakuwa mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinagonga, anasema ana aleji ya samaki na wewe unaamini hivyo hivyo. Samaki akiwa ametoka Tumbe kwenye boksi la pikipiki bila barafu saa sita za mchana, huwezi kumuokoa wewe na pilipili zako. Nenda na kasha lako la barafu au mwambie anayekuletea kwamba bila barafu hupokei, na umrudishe kweli siku atakapokuja bila barafu. Tizama jicho liwe limejaa linang'aa, yavuyavu yawe mekundu, bonyeza nyama irudi. Na mvuvi yeyote akikuletea nyama ya kasa kwa bei yoyote ile, kataa. Ni marufuku kisheria, na sumu yake haitoki kwa kupika. Machi 2024 kule kisiwa cha Panza walifariki watoto wanane na mtu mzima mmoja kwa kula kasa. Hilo sitaki hata kulizungumza kama ni suala la ukaguzi.

Utaona nataja kipima joto kila dakika. Kinunue, kile cha sindano cha chakula, si bei kubwa, ndo kitu cha kwanza katika hizo laki nane. Kukihakiki ni rahisi, jaza glasi barafu iliyovunjwa na maji kidogo, koroga, kitie, kisome sifuri. Kwenye maji yanayotokota kisome 100, maana hapa tuko usawa wa bahari. Kuku na nyama ya kusaga vifike 75 katikati. Kila ukikitoa kwenye chakula kimoja kifute na kioshe kabla ya kukitia kwengine, la sivyo utakuwa unawasambaza bakteria wewe mwenyewe.

Mikono na kitambaa. Kesho mchana kaa kwenye kiti cha mteja robo saa, usiseme kitu, angalia kitambaa kimoja tu cha jikoni kinapokwenda. Utakiona kinafuta meza iliyomwagikiwa mchuzi, kinashika mpini wa sufuria, kinafuta kisu kilichokata kuku mbichi, kinarudi begani, kinafuta jasho la shingo, halafu kinafuta ukingo wa sahani kabla ya kupelekwa kwa mteja ili ionekane safi. Mkaguzi akikiona hicho kitambaa mara moja basi, vigae vyote vya Italia havikusaidii. Weka vitambaa vingi vya bei rahisi vya rangi mbali mbali, cha meza kisiingie jikoni, cha nyama mbichi kiwe peke yake, na vyote viende kufuliwa kwa maji ya moto jioni. Kwenye ndoo ndogo tia maji na dawa ya klorini kama Jik: ile ya asilimia 3.5 kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji kinatosha kupangusia mbao za kukatia na meza baada ya kuwa umeshaziosha kwa sabuni. Baada ya kuosha nasema, maana klorini ikikuta mafuta na makombo inaishia hapo. Na ibadilishe kila baada ya masaa matatu manne, inapoteza nguvu. Soma asilimia kwenye chupa yako kwanza. Chupa hiyo ibaki na lebo yake, usihamishie dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa hata siku moja, mtoto wa mtu atakunywa.

Mikono ioshwe jikoni. Wengi wana sinki ya wateja nje nzuri kabisa, na mpishi wake mwenyewe hana pahala pa kunawa isipokuwa lile karai la vyombo. Kama mfereji haufiki, ndoo ya lita 20 yenye koki, juu ya kigoda, sabuni pembeni, beseni chini na karatasi za kufutia, tayari una sehemu ya kunawa na hakuna mkaguzi atakayeikataa. Kunawa ni sekunde 20 na sabuni: ukitoka chooni, ukishika mbichi, ukishika pesa, ukipenga pua, ukirudi kutoka nje. Pesa ziwe na mtu wake mmoja asiyegusa chakula. Glavu mimi si mpenzi wake kwa migahawa midogo, nimeona glavu moja inapokea elfu kumi, inachota mbatata, inakuna sikio, na aliyeivaa anajiona msafi kwa sababu mkono wake haurowi.

Na kuna jambo la wasaidizi wako ambalo halimo kwenye fomu yoyote lakini mimi naliona kubwa. Msichana akiamka anaharisha akijua asipokuja hapati posho ya siku, atakuja. Atanyamaza, atachota juisi. Kwa hivyo mwambie mbele ya wenzake kwamba mwenye kuharisha au kutapika anabaki nyumbani mpaka zipite siku mbili kamili tokea alipopona, na posho yake iko. Ni pesa kidogo sana ukilinganisha na kufungiwa wiki mbili. Mwenye kidonda mkononi kifungwe vizuri na apewe kazi nyengine. Bangili na pete zivuliwe zikifika jikoni, kucha fupi, nywele zifunikwe, hilo la nywele kwetu si tabu.

Maji sasa. Sote tunakumbuka kipindupindu cha 2015 na 2016, zaidi ya watu 4,000 Unguja na Pemba waliumwa, na biashara ya chakula na vinywaji vya baridi kwenye sehemu za wazi ikasimamishwa, watu wakakaa nyumbani hawana kipato. Ndo maana bwana afya wa Zanzibar akiingia kwako anauliza maji kabla hajauliza jina lako. Maji ya mfereji ya ZAWA, yaani Mamlaka ya Maji Zanzibar, yakitoka safi bombani yanaweza kuchafuka kwenye tangi lako, kwa hivyo panda ngazi leo uangalie: kifuniko kipo? kuna mjusi? chini kuna tope? Litolewe maji, lisuguliwe, lisuuzwe na klorini, na tarehe uiandike. Rudia kila miezi mitatu. Ukiwa unatumia kisima, ujue ardhi yetu sehemu nyingi ni ya mawe ya matumbawe, maji machafu ya karo yanapita ndani yake upesi na kuingia kisimani bila kubadilisha rangi wala harufu, hivyo maji ya kisima kwa chakula kibichi na juisi yachemshwe tu, hakuna mjadala. Juisi zote kwa maji yaliyochemshwa. Barafu ya kupozea juisi itengenezwe kwa maji hayo hayo, na barafu ya samaki isiingie kwenye jagi hata ikiwa inang'aa vipi.

Friji uliyonayo inatosha kama utaipanga. Vilivyo tayari kuliwa juu, vibichi chini kabisa, kwenye chombo chenye kingo ili damu ya kuku isidondokee kitu. Kila chombo kina kifuniko na kipande cha karatasi chenye tarehe. Usiijaze mpaka upepo haupiti, na usitie kitu cha moto sufuria zima. Friza kubwa mimi naiogopa kwa mtu ambaye hajawa na daftari, kwa sababu inakuwa kaburi la vitu ambavyo hajui ameviweka lini. Na umeme wetu, unajua mwenyewe, tokea 2010 unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, ni neema kubwa tukikumbuka majenereta ya zamani, lakini ukikatika unakatika. Friji isiyofunguliwa inahimili kama masaa manne, friza iliyojaa ikafungwa inafika siku mbili, iliyo nusu inafika siku moja. Gandisha chupa za maji uzijaze kwenye nafasi tupu, zinasaidia sana. Umeme ukikatika andika saa, usifungue fungue kuangalia, ukirudi pima kwa sindano ndo uamue.

Nimetaja daftari. Daftari la mistari la skuli tu. Asubuhi na jioni mtu mmoja anaandika joto la friji, joto la supu, saa iliyopikwa, kilichotupwa na kwa nini, na anatia saini. Dakika tano. Mkaguzi akikuta daftari la wiki tatu lenye madoa ya mchuzi na siku moja imeandikwa "friji 9, tumehamisha samaki kwa jirani" anakuheshimu, kwa sababu anaona mtu aliyeona tatizo akalishughulikia kabla ya kuambiwa. Na usije ukakaa usiku mmoja ukalijaza la mwezi mzima, kalamu moja, mwandiko mmoja, friji siku zote 4. Tunayajua hayo kwa kuyaona tu, na hapo hata ulilosema kweli haliaminiki tena.

Karatasi nyengine zikae kwenye faili moja, isiwe moja iko kwa mume na nyengine iko kwenye kabati la nyumbani. Leseni ya biashara kutoka Baraza la Mji, usajili wa jengo la chakula kutoka ZFDA, yaani Wakala wa Chakula na Dawa ambayo inafanya kazi chini ya sheria ya chakula, dawa na vipodozi ya 2006, na kadi za afya za wote wanaogusa chakula pamoja na wewe mwenyewe na mama wa chatini. Kupima kwa kawaida ni kila miezi sita, hebu zitoe leo uangalie tarehe, maana sababu nyepesi kabisa ya kuandikiwa kosa ni kadi iliyokwisha juzi. Risiti za kununulia nazo zitie humo, kuku wa boksi, mafuta, maziwa ya unga, likitokea tatizo uweze kuonesha limetoka wapi. Na pitia kabati lote la vitu vikavu uangalie tarehe za kumalizika.

Sasa pesa zako. Kipima joto, ndoo za koki na sabuni, vitambaa, mbao mbili za kukatia mpya (moja ya mbichi moja ya vilivyo tayari, ile ya zamani yenye mikwaruzo iliyoingia weusi iende kwenye kuni), madishi mapana ya kupozea, mapipa mawili yenye kifuniko cha kukanyaga. Halafu fundi, lakini si wa vigae, ni wa kuziba matundu. Panya akipata tundu la upana wa kidole gumba anapita, kwa hivyo ziba kwa saruji na chuma kilichosokotwa pale bomba linapoingia ukutani, weka wavu madirishani kwa ajili ya nzi, na mlango wa nyuma uwekewe kipande cha kuziba uwazi wa chini. Chaga za mbao ili mchele na unga viwe juu ya sakafu kiasi cha shibiri moja na mbali na ukuta, upate kufagia nyuma yake na kuona kama kuna mavi ya panya. Mafuta ya taa na dawa za mende zitoke kabisa chumba hicho. Karo likiwa linavuja au linatoa harufu hilo lifanye mwanzo kabla ya yote niliyoyasema, na choo kiwe na maji na sabuni na mlango usiofungukia jikoni. Baada ya hapo ukuta. Sheria inataka ukuta unaosafishika, haijasema vigae. Lipu iliyosawazishwa ikapakwa rangi ya mafuta nyepesi mpaka usawa wa bega, nyuma ya meko na sinki, inakubalika na unaifuta kila siku. Vigae vibaya vyenye nyufa na saruji iliyobomoka katikati ni vibaya kuliko hiyo rangi, mende wanaishi ndani yake. Ukifanya hesabu utaona laki nane yako inatosha na inabaki ya posho za wagonjwa.

Siku mkaguzi akija, mkaribishe kwa salamu, muombe kitambulisho kwa adabu, ni haki yako na mkaguzi wa kweli hakasiriki. Mpe koti na kofia kama unavyo. Usifunge biashara ghafla, usimfiche msaidizi asiye na kadi chooni (nimemkuta mtu namna hiyo, maskini, anatetemeka), usikimbize sufuria nyumba ya pili. Tembea naye wewe mwenyewe na daftari mkononi. Akiuliza na hujui, sema sijui, mwite anayejua. Atauliza wasaidizi wako maswali madogo madogo, unanawa lini, hichi kimepikwa saa ngapi, kwa hivyo wafundishe kwa kuwauliza hivyo hivyo kila siku wakati wa kazi, wakizoea hawatababaika. Bahasha usitoe na ukiombwa usikubali. Ukishatoa mara moja unakuwa na mgahawa mchafu unaolipia kila mwezi, na wateja wako ndo watakaolipa kwa matumbo yao.

Kabla hajaondoka mwambie akuandikie kila alichokiona, na kwa kila kimoja uulize kipi cha leo leo na kipi kina muda na muda wenyewe ni siku ngapi. Soma kabla ya kutia saini. Kama kuna jambo hukubaliani nalo andika hapo hapo kwenye fomu kwa lugha ya heshima. Chukua nakala. Yale ya leo leo yafanye kabla jua halijatua, piga picha, na yaliyobaki yakikamilika nenda mwenyewe ofisini kwao uwaite waje kuangalia tena, usisubiri siku ya mwisho. Kama mama bado hataki kutengenezea chatini mgahawani, niandikie tena, tutazungumza namna ya kumwambia, na katikati hapo uza urojo kwa chatini ya embe na pilipili utakayoisaga wewe mwenyewe kwa maji yaliyochemka.